Kwa nini ninarudi na ndoo tupu kila ninapokwenda kuvua kwenye barafu?

Swali la msomaji: "Msimu huu nimekwenda kuvua kwenye barafu mara tisa, na nilichoambulia ni samaki wawili wadogo wasiotosha hata kukaangwa. Kwa kawaida natoboa tundu moja, au mawili nikiwa na nguvu, si mbali na ufuko, kisha nakaa hapo kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri. Nimeshanunua vyambo bandia vya kila rangi. Rafiki yangu anasema tatizo ni mgandamizo wa hewa, kwamba ukishuka samaki hawali. Kinachoniumiza zaidi ni kuwaona watu walio hatua hamsini kutoka nilipo wakivuta samaki. Je, kosa ni chambo, ni saa, ni hali ya hewa, au nina nuksi?"

Jibu la mtaalamu:

Ndugu msomaji, nuksi tuiweke kando. Mtu anayekaa saa tano juu ya tundu moja karibu na ufuko, safari baada ya safari, kisha akarudi mikono mitupu, amepata kile ambacho utaratibu huo humpa karibu kila mvuvi. Katika maelezo yako limo jambo moja ulilolitaja kama malalamiko tu, nalo ndilo lililobeba sehemu kubwa ya jibu: wenzako wanapata samaki hatua hamsini kutoka ulipo. Hewa wanayovuta ni ile ile, saa ni ile ile, na sidhani kama vyambo vyao ni bora kuliko vyako, maana kwa maelezo yako wewe una vingi kuwashinda. Walichokuzidi ni mahali.

Ili uone jinsi hatua hamsini zinavyoweza kuwa safari ndefu, ni lazima tuangalie ziwa linavyojipanga likishafunikwa na barafu. Maji huwa mazito zaidi yanapofikia takriban nyuzi 4 za Selsiasi. Yakipoa kupita hapo huanza tena kuwa mepesi, na barafu yenyewe ni nyepesi zaidi, ndiyo maana huelea. Kwa hiyo majira ya baridi hulipindua ziwa: maji yanayogusana na barafu hukaribia nyuzi 0, na yale ya kilindini ndiyo yenye joto, kama hizo nyuzi 4 zinastahili kuitwa joto. Kwetu sisi tuliovaa makoti mawili tofauti hiyo si kitu, lakini samaki hana namna ya kujipasha moto. Mwili wake hufuata hali ya maji, na kwa kanuni ya jumla kila maji yanapopoa kwa nyuzi 10, kasi ya shughuli za mwili wake hupungua kwa kama nusu. Samaki wa namna hiyo hutosheka na chakula kidogo na hana sababu ya kutumia nguvu zake kuogelea mita 20 akifuata chambo chako. Wakati wa kiangazi unaweza kuketi mahali pamoja ukamsubiri apite. Chini ya barafu ni wewe unayepaswa kumfuata mpaka mlangoni pake.

Joto peke yake lingewapeleka samaki wote kilindini na kazi yetu ingekuwa rahisi, lakini ipo pia oksijeni. Barafu ikishafunga, maji hayapati tena oksijeni kutoka hewani. Theluji ikirundikana juu yake, mwanga hukatika, magugumaji huacha kutengeneza oksijeni, na yakianza kuoza hula hata ile iliyobaki. Upungufu huanzia chini kwenye tope, kisha hupanda taratibu. Hii ndiyo sababu makao ya samaki huhama kadiri msimu unavyosonga. Katika wiki mbili tatu za mwanzo, barafu ikiwa changa na angavu, samaki wengi huwa bado kwenye kina kidogo, kando ya magugumaji mabichi yenye hewa na chakula, na tundu lako la karibu na ufuko lingekuwa mahali pazuri sana wakati huo. Ifikapo katikati ya msimu, magugumaji yale yale yakishageuka rangi ya kahawia, hukimbiwa. Samaki hushuka kwenye miteremko na vilindi vya wastani, na mara nyingi huelea juu kidogo ya tope badala ya kulilalia. Mwishoni, theluji inapoyeyuka na maji yenye hewa yanapoingia kupitia matundu na vijito, hurejea kwenye kina kidogo na kula kwa bidii. Hukunieleza safari zako zilianza lini na kuisha lini, lakini kwa kuwa hukuhama hata mara moja, nadhani safari nyingi kati ya hizo tisa ulikuwa ukibisha hodi kwenye nyumba ambayo wenyewe walishahama.

Tena tundu ni dogo kuliko tunavyodhani. Kipenyo chake ni sentimita 15 au 20, na hata mwenye sona, kile kifaa kinachotuma mawimbi ya sauti majini na kuonyesha kilichoko chini, haoni mbali. Sona ya miale yenye pembe ya nyuzi 20, ikifika kina cha mita 6, huangaza duara lenye kipenyo cha mita 2 na kidogo tu. Kwenye kina cha mita 3 duara hilo hubaki kama mita 1. Kwa maneno mengine, wewe ulikuwa ukipekua eneo linalotoshana na meza ya kulia chakula katika ziwa zima, na ukilipekua kwa saa tano.

Ninachokushauri katika safari ya kumi ni hiki. Kabla ya kuondoka nyumbani, tafuta ramani inayoonyesha vina vya ziwa hilo. Ikiwa haipo, tazama sura ya nchi kavu, kwa sababu rasi inayoingia ziwani kwa kawaida huendelea chini ya maji, na ufuko wenye mwinuko mkali mara nyingi hufuatiwa na mteremko mkali majini. Toboa matundu kumi au kumi na tano kwa mstari, kuanzia kina kidogo kuelekea kilindini, ukiyaachanisha kwa hatua kumi hivi, na ufanye kazi hiyo yote kwa mkupuo kabla hujatumbukiza ndoano hata moja. Kisha rudi tundu la kwanza, funga chubwi kwenye mshipi, pima kina, na uandike. Utafika mahali ambapo kina kinaruka ghafla, kwa mfano kutoka mita 4 hadi mita 7 kati ya matundu mawili yanayofuatana. Hapo ndipo pa kuanzia, na hapo ndipo pa kutoboa mengine zaidi. Mpe kila tundu dakika kumi, kumi na tano ukiona dalili, kisha hama. Usione haya kurudi kwenye tundu ulilolihama saa moja iliyopita, kwa kuwa samaki wa makundi huzunguka, na tundu lililokuwa kimya saa tano asubuhi huweza kuwa na shughuli saa saba mchana. Najua kutoboa matundu kumi na tano kwa keekee ya mkono ni jasho. Ni jasho hilo hilo, hata hivyo, linalowatenganisha wale jirani zako na wewe, na si ajabu walishahama mara kadhaa wewe ukiwa umewapa mgongo.

Kuhusu mgandamizo wa hewa, rafiki yako anarudia jambo ambalo wavuvi wengi wanaliamini kwa moyo wote, nami nililiamini kwa miaka mingi. Tufanye hesabu. Mgandamizo ukishuka kwa hektopaskali 20, ambao ni mshuko mkubwa unaoambatana na dhoruba, samaki huhisi badiliko linalolingana na kupanda majini kwa kiasi cha sentimita 20. Samaki yule yule hupanda na kushuka mita nzima akifuata chakula, mara nyingi kwa siku, bila kulalamika. Sikatai kwamba siku nyingine samaki hukataa kula kabla au baada ya dhoruba, maana nimeyaona mwenyewe. Nadhani tu kwamba mawingu, mwanga na mabadiliko mengine yanayokuja pamoja na dhoruba ni washukiwa wa kuaminika zaidi kuliko kipimo cha hewa. Na hata kama rafiki yako ana haki, mgandamizo ule ule ulikuwa juu ya vichwa vya waliokuwa wakivuta samaki.

Sasa nikuambie jambo ambalo pengine litakuumiza kuliko ndoo tupu: inawezekana sana kwamba samaki walikula chambo chako mara kadhaa nawe hukujua. Msimu wangu wa pili nilikuwa na malalamiko kama yako. Siku moja, kwenye maji maangavu ya kina cha mita 2, nililala kifudifudi juu ya barafu, nikajifunika koti kichwani ili kuzuia mwanga, nikachungulia tunduni huku nimeshika mshipi kwa vidole. Baada ya muda alikuja pachi, yule samaki wa maji baridi mwenye mistari meusi ya wima ubavuni. Alisimama sentimita chache kutoka kwenye chambo, akakitazama kwa muda ulionitosha kuhesabu hadi kumi na mbili, kisha akafungua kinywa na chambo kikaingia chenyewe, kwa kufyonzwa pamoja na maji. Hakukivuta wala hakugeuka. Akakitema. Mambo yote hayo yalikwisha kabla sijavuta pumzi ya pili, na vidole vyangu havikuhisi chochote. Alirudia mara tatu. Ningekuwa nimeketi juu ya ndoo yangu kama siku zote, ningeapa kwamba ziwa lile halina samaki.

Tangu siku hiyo nimebadilisha vitu vitatu katika zana zangu. Mshipi wangu ni mwembamba, wa kuhimili kilo 1 hadi 2 ninapovua samaki wadogo, kwa sababu mshipi mnene hukakamaa kwenye baridi na kubaki na mikunjo ya kigurudumu chake. Mikunjo hiyo hujinyoosha samaki anapofyonza, ikalimeza badiliko lote kabla halijafika kwenye mkono wako. Kila ninapofika ziwani hunyoosha mita kadhaa za kwanza kwa kuzivuta taratibu kati ya mikono miwili. Kwenye ncha ya ufito naweka waya laini unaopinda kwa uzito wa chambo peke yake, na huo ndio ninaoutazama, si chelezo. Ukipinda zaidi, samaki amekivuta chini. Ukinyooka, samaki amepanda nacho na kuubeba uzito wake, na hili la pili ndilo wengi hawalijui: wanasubiri kuvutwa chini wakati samaki yuko njiani kuja juu. Katika hali zote mbili nyanyua ufito mara moja, kwa mkunjo mdogo wa kiwiko, bila kukurupuka.

Kitu cha tatu ni fundo. Chambo bandia kidogo chenye risasi kimetengenezwa kining'inie kwa ulalo, kama mdudu anayeogelea. Fundo likiteleza kuelekea mbele au nyuma ya kitundu chake, chambo huning'inia wima, na mara nyingi huanza kuzunguka polepole kwa sababu mshipi umejisokota ulipokuwa ukifunguka kutoka kwenye kigurudumu. Hakuna kiumbe majini kinachozunguka hivyo, na samaki aliyepooza kwa baridi ana muda wote wa kukichunguza. Shusha chambo chako sentimita 30 tu chini ya barafu na ukitazame. Kikizunguka, kisubiri kitulie. Kikiwa wima, sogeza fundo kwa ukucha. Ni kazi ya sekunde tano na huirudia kila baada ya samaki mmoja.

Vyambo vyenyewe, kwa kweli, sina mengi ya kusema juu yake. Rangi ni jambo la mwisho ninalolibadilisha. Ukubwa una maana zaidi: katikati ya msimu wa baridi chakula kikubwa cha samaki wengi wa kilindini ni viluwiluwi vya usubi, vyekundu na vidogo kuliko kucha ya kidole cha mwisho, vinavyoishi ndani ya tope, na mtu anayening'iniza chambo bandia cha sentimita 7 juu ya samaki hao anawaandalia karamu wasiyoihitaji. Tumia kidogo ulicho nacho, tia buu mmoja kwenye ndoano, kiguse tope mara mbili tatu ili kinyanyue wingu dogo la vumbi, kisha kipandishe sentimita 20 na ukiache kimya. Kosa la wanaoanza ni kukichezesha bila kupumzika. Mchezo humwita samaki, lakini mara nyingi hula kikiwa kimetulia, na kituo cha sekunde tano au kumi si kirefu. Ukibahatika kupata mmoja mkubwa wa kupelekwa nyumbani, mpasue tumbo pale pale uone amekula nini.

Saa zako nazo zina walakini, ingawa si kwa kila aina ya samaki. Pachi huwinda kwa macho na hula mchana, hivyo kuanzia saa nne hadi saa tisa si vibaya kwake. Wapo wengine, kama zanda, ambao macho yao yana utando wa nyuma unaorudisha mwanga, na hao hupata nguvu ya kuwinda jua linapozama, wakati mawindo yao yanapoanza kutoona vizuri. Wewe ulikuwa ukikunja kiti saa moja au mbili kabla ya zamu yao. Baboti, anayetaga mayai katikati ya baridi kali chini ya barafu, huwinda usiku hasa. Jiulize kwanza ziwa lako lina samaki gani, ndipo upange saa.

Kelele na mwanga nitavigusa kwa kifupi. Sauti husafiri majini kwa kasi ya takriban mita 1,400 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, na kwenye kina cha mita 2 chini ya barafu isiyo na theluji kila hatua ya buti lako ni ngoma. Ndiyo sababu nimesema utoboe matundu yote mapema; samaki waliotawanyika huhitaji muda wa kurudi. Mahali penye kina kidogo usifagie theluji kuzunguka tundu, na uache chengachenga za barafu zielee ndani yake, ukibakiza mwanya wa mshipi tu, kwa kuwa mwale wa mwanga unaotoka juu ghafla huwashtua. Kwenye mita 8 hayo yote hayana uzito sana.

Kwa kuwa nimekuhimiza uhamehame, ni wajibu wangu kukuonya pia. Barafu ngumu na angavu ya sentimita 10 hukubaliwa kwa kawaida kuwa kiwango cha chini cha kumbeba mtu mmoja anayetembea, ilhali ile nyeupe, iliyochanganyika na theluji, ina nguvu ya kama nusu tu na huhitaji unene maradufu. Unene haulingani ziwa zima: penye mdomo wa kijito, penye chemchemi na karibu na magugumaji yaliyochomoza, barafu huwa nyembamba, na kwa bahati mbaya hapo ndipo samaki hukusanyika mwishoni mwa msimu. Pima kila hatua chache unapoelekea mahali papya, usiende peke yako, na vaa shingoni vile vishikizo viwili vyenye misumari vinavyomsaidia aliyezama kujivuta juu. Barafu ya mwisho wa msimu, hata ikiwa na unene wa kutosha kwa kipimo, huweza kuoza na kuachana kama vijiti vilivyosimamishwa, na hapo sentimita hazikuambii chochote.

Imebaki hali moja ambayo lawama si yako kabisa. Maziwa mafupi ya kina, yenye magugumaji mengi na theluji nzito juu yake, huweza kuishiwa oksijeni kiasi kwamba samaki hufa kwa wingi chini ya barafu bila mtu kujua mpaka machipuko. Majirani zako wanapata samaki, kwa hiyo sidhani ndivyo ilivyo kwenu, lakini ukija kujaribu ziwa jingine zingatia tundu la kwanza kabisa. Maji yakipanda na harufu ya mayai viza, au vidagaa na wadudu wakianza kujazana tunduni juu kabisa wakihema, usitoboe la pili hapo. Funga vitu vyako ungali na mchana wa kutosha, uelekee ziwa lenye kina kirefu zaidi.